NFL ikimwita kijana wetu, tusihesabu kilo peke yake

Mwaka 2023 ligi ya futiboli ya Marekani, NFL, ilileta kambi yake Nairobi. Tangu hapo, kila nikikaa na watu wa raga hapa Pwani, hakosi kutajwa kijana mmoja mrefu, mwenye kifua kipana, kisha mtu aseme, "Huyu angefaa kule." Zinatajwa kilo zake, unatajwa urefu wake, halafu zinatajwa dola. Mazungumzo yanaishia hapo.

Nataka tuyaendeleze. Kijana mwenye mwili mkubwa akifika kule, kuna uwezekano mkubwa hatapewa kazi ya kukimbia na mpira. Atapangwa kwenye safu ya mbele ya timu inayoshambulia, awe ukuta wa kumlinda mwenzake. Hiyo ni kazi ngumu kuipima, na tukiipima vibaya tunaweza kumsindikiza mtoto wa mtu kwa shangwe kuelekea mahali pasipomfaa. Msimamo wangu ni kwamba mlinzi wa safu hapimwi peke yake. Hupimwa pamoja na timu anayojiunga nayo, mwalimu atakayempokea na muda atakaopewa. Hatuhitaji kubahatisha juu ya hilo, kwa sababu mzaliwa wa Kenya ameshaipita njia hiyo.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Timu inayoshambulia huwa na wachezaji 11 uwanjani. Watano kati yao hujipanga mstari mmoja mbele: mmoja katikati anayeuanzisha mpira, wawili ubavuni mwake, na wawili kwenye ncha za mstari, kulia na kushoto. Nyuma yao husimama kwotabeki, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi. Kwotabeki anahitaji kama sekunde 2 na nusu au 3 kuangalia wenzake wako wapi na kurusha. Wale watano ndio wanaompa sekunde hizo, kwa kuwazuia majitu wanaokuja mbio kumwangusha.

Mzigo mzito kuliko yote uko kwa mlinzi wa mwisho upande wa kushoto. Kwotabeki wengi hurusha kwa mkono wa kulia, na wanapojipanga kurusha, mgongo wao huelekea kushoto. Adui anayetoka upande huo hawamwoni. Mlinzi wa kushoto akichelewa nusu hatua, mwenzake anagongwa bila habari, pengine anaumia na msimu wa timu nzima unaharibika.

Mlinzi huyu hafungi, na sheria kwa kawaida haimruhusu kupokea pasi ya mbele. Akifanya kazi yake vizuri mechi nzima, mtangazaji hamtaji. Akikosea mara moja, jina lake linarudiwa kwenye kila marudio ya picha. Wahenga wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa. Yule kwotabeki anayeelea kwenye matangazo ya biashara ameundiwa nafasi na watu watano ambao wengi wetu hatuwajui.

Na hapa kijana wa raga ana kikwazo ambacho kilo hazikisaidii. Katika raga, ukimzuia mtu asiye na mpira, refa anapuliza kipenga. Katika safu ya mbele ya futiboli ya Marekani, kumzuia mtu asiye na mpira ndiyo kazi yako tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Inabidi mwili usahau ulichozoea kwa miaka. Lazima ajifunze kurudi kinyumenyume akiwa ameinama, kuweka mikono kifuani mwa mpinzani bila kumshika jezi, na kusoma hila za wale walio mbele yake kabla mpira haujaanza.

Sasa tumtazame Rees Odhiambo. Alizaliwa Kenya, akahamia Texas akiwa mtoto, akacheza katika chuo kikuu cha Boise State. Aprili 2016 timu ya Seattle Seahawks ilimchagua katika raundi ya 3 ya drafti, akiwa mchezaji wa 97. Drafti ina raundi 7, na vijana wengi waliocheza vyuoni hawachaguliwi kabisa. Kwa hiyo nambari 97 si haba.

Siku ile hesabu yake ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja alikuwa na miguu myepesi kwa mtu wa kilo zaidi ya 140, na alikuwa amecheza vizuri kwenye ncha ya safu chuoni. Upande wa pili alikuwa na historia ya majeraha, na mwaka wake wa mwisho chuoni ulikatizwa na jeraha la kifundo cha mguu. Seattle ilimtazama zaidi kama mtu wa ndani ya safu, ubavuni mwa yule wa katikati, ambako eneo la kulinda ni dogo na wenzako wako karibu pande zote mbili. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo ilikuwa ya busara.

Kilichofuata hakikuwa kwenye hesabu. Agosti 2017, kabla ya msimu kuanza, mlinzi wa kushoto wa Seattle, George Fant, aliumia goti vibaya. Fant mwenyewe alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu chuoni, aliyeingizwa kwenye nafasi hiyo mwaka mmoja tu uliotangulia. Hiyo peke yake inakuonyesha timu ilivyokuwa na upungufu pale. Odhiambo akasukumwa hadi ncha ya kushoto, nafasi ngumu kuliko zote, wiki chache kabla ya mechi ya kwanza.

Alianza mechi 7 mfululizo. Mnamo Oktoba 1, 2017, baada ya mechi dhidi ya Indianapolis Colts, alipelekwa hospitali akiwa na shida ya kupumua kutokana na pigo la kifuani. Wiki iliyofuata alirudi uwanjani. Oktoba 29 Seattle ilicheza na Houston Texans, na ng'ambo ya pili alikuwako Duane Brown, mlinzi wa kushoto mwenye uzoefu wa miaka 10. Siku iliyofuata Seattle ilimnunua Brown kutoka Houston. Nafasi ya Odhiambo ikawa imekwisha. Mwalimu wa safu hiyo, Tom Cable, alifutwa kazi Januari 2018, na mwaka huohuo Seattle ilimwachilia Odhiambo.

Je, Odhiambo alishindwa? Kwa takwimu za mashabiki, ndiyo. Mimi naona vingine. Alichaguliwa kwa kazi moja akapewa nyingine. Alihitaji muda, na timu iliyokuwa ikitaka ubingwa mwaka uleule haikuwa na muda wa kutoa. Nyumba ilikuwa inavuja, naye akatumwa juu ya paa kabla hajafundishwa kuezeka.

Mtazame sasa Jordan Mailata. Huyu ni Mwaustralia mwenye wazazi wa Samoa, aliyecheza raga ya wachezaji 13 katika kikosi cha vijana cha South Sydney. Mwaka 2018 Philadelphia Eagles ilimchagua katika raundi ya 7, akiwa mchezaji wa 233, zaidi ya nafasi 130 nyuma ya alipokuwa Odhiambo. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito wa zaidi ya kilo 150, na hakuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Marekani. Kwa karatasi, Odhiambo alikuwa mbele yake kwa kila kitu isipokuwa mwili.

Lakini Philadelphia alimkuta mwalimu wa safu Jeff Stoutland, aliyekuwa hapo tangu 2013, na mbele yake walikuwapo walinzi wenye uzoefu. Timu iliweza kusubiri. Mailata hakucheza mechi yoyote ya msimu mwaka 2018 wala 2019. Miaka miwili mizima alikuwa mwanafunzi mwenye mshahara, na sehemu ya muda huo aliuguza mgongo. Alianza kucheza 2020. Mwaka 2021 aligombea nafasi ya kushoto na Andre Dillard, ambaye timu hiyohiyo ilimchagua katika raundi ya kwanza mwaka 2019, akamshinda. Septemba mwaka huo akasaini mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 64. Februari 2025 alikuwa kwenye safu iliyoisaidia Eagles kuifunga Kansas City Chiefs 40-22 na kutwaa Super Bowl.

Kuna watakaoniambia kwamba Mailata ni kipaji cha pekee na angefaulu popote. Sikatai kipaji chake. Lakini fikiria kijana yuleyule, mwenye wiki chache za mafunzo, akitupwa kwenye ncha ya kushoto ya timu inayotafuta ushindi Jumapili ijayo. Mwili ungekuwa uleule na kilo zilezile. Sidhani kama leo tungelijua jina lake.

Ndiyo maana nasema timu lazima ipimwe sawasawa na mchezaji. Na hapa pana jambo ambalo watu wetu hawaelezwi vya kutosha. Kambi ya timu ya NFL huanza na wachezaji wapatao 90, na kabla ya msimu hukatwa wakabaki 53. Wengine huchukuliwa kwenye kikosi cha mazoezi chenye nafasi 16, na tangu 2024 kila timu imeruhusiwa nafasi moja zaidi kwa mchezaji wa kigeni. Nafasi hiyo ni mlango mzuri, kwa sababu humpa kijana mshahara na mwalimu bila presha ya Jumapili. Lakini si mkataba wa mamilioni. Hata anayesaini mkataba mkubwa lazima aulize ni kiasi gani kimehakikishwa, kwa maana katika ligi hii timu inaweza kumwachilia mtu katikati ya mkataba, na fedha ambazo hazikuhakikishwa zikapotea.

Tulishamwona Mkenya mwingine, Daniel Adongo, akitoka kwenye raga na kujiunga na Colts mwaka 2013, upande wa kuzuia badala ya kushambulia. Alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hadi 2015 safari yake na timu hiyo ilikuwa imekwisha. Naye aliingia akiwa mtu mzima, akijifunza mchezo akiwa tayari ndani ya ligi kuu ya mchezo wenyewe.

Wapo pia wanaosema tusubiri Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwa sababu futiboli ya bendera itachezwa huko na nchi yoyote inaweza kuandaa timu. Ni habari njema kwa wenye mbio. Kwa kijana wetu mkubwa haina kitu. Mchezo ule ni wa watu 5 kila upande, na kuzuiana kwa miili hakuruhusiwi. Safu ya mbele tunayoizungumzia hapa haimo.

Sisemi haya kumkatisha mtu tamaa. Mzee mmoja wa Kilifi aliniuliza hivi karibuni kama mpwa wake aache masomo ya chuo ajinoe kwa ajili ya majaribio. Nilimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, asiache." Kambi za kusaka vipaji huchukua siku chache, na wanaochaguliwa ni wachache sana kati ya wengi. Masomo na mazoezi vinaweza kwenda pamoja. Kijana akikosa nafasi, atabaki na cheti mkononi. Akiipata, atakuwa na akili iliyozoea kusoma, na safu ya mbele inataka hiyo pia, maana kitabu cha mbinu cha timu moja ni kinene kuliko wengi wanavyodhani.

Wazazi na makocha wenzangu, ikitokea barua ikaja, tuanze na maswali haya kabla ya kuuliza mshahara. Mwalimu wa safu ni nani, na amekaa timu hiyo miaka mingapi? Mbele ya kijana wetu kuna walinzi wangapi wenye uzoefu, ili asisukumwe uwanjani kabla ya wakati? Anatakiwa kwa nafasi gani, ndani ya safu au kwenye ncha? Akiumia, nani atamtibu na kwa muda gani? Swali hilo la mwisho si la kupuuza. Mwaka 2013 NFL ilikubali kulipa dola milioni 765 katika kesi ya wachezaji wa zamani kuhusu madhara ya kugongwa kichwa, na watu wa safu ya mbele hugongana karibu kila mpira unapoanzishwa.

Majibu yakiwa mazuri, hata nafasi ya mwisho katika kikosi cha mazoezi inafaa kupokewa kwa mikono miwili. Yakiwa mabaya, hata nambari ya juu katika drafti ni ya kufikiriwa mara mbili. Mchezaji wa 97 alipata mechi 7 katika nafasi ambayo hakuandaliwa. Wa 233 alipata miaka miwili ya kujifunza, leo ana pete ya ubingwa.