Mwacheni Mtoto na Waya Wake

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira. Hapa Ihanja, mtoto akikutwa njiani anasukuma gari la waya, mtu mzima wa kwanza kumwona humwuliza: "Wewe huna kazi?" Asiye na bahati huvunjiwa. Nimeona Fuso lililoundwa kwa siku nne likisagwa chini ya kiatu kimoja.

Hebu tazameni kilichosagwa. Bodi ilikuwa kopo la mafuta ya kula, limekatwa na kunyooshwa kwa jiwe. Chesisi ilikuwa waya, viungo vimefungwa kwa mpira wa tyubu. Matairi yalikuwa soli za ndala. Usukani ulikuwa waya mrefu unaomfika kiunoni dereva anayetembea nyuma.

Tundu la tairi likikaa pembeni hata kidogo, gari linachechemea. Basi mtoto hukata duara la karatasi, hulikunja mara mbili, na mikunjo inapokutana ndipo anapotoboa kwa msumari wa moto. Gari likivuta kushoto, hupima kwa uzi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kulia na kushoto, mpaka pande zilingane. Likigoma kwenye kona, huyaachia matairi yazunguke kila moja peke yake, kwa sababu tairi la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Gari la kweli limewekewa difu kwa sababu hiyohiyo.

Nitaambiwa waya ni wa wizi na mtihani hauulizi magari. Aliyeiba uzio aonywe. Lakini waya mwingi hutoka kwenye majivu ya matairi yaliyochomwa. Na mtihani? Lori la mita 12 likiundwa kwa kipimo cha 1:24 linakuwa na sentimita 50. Huo ni uwiano, hesabu ileile anayoikosa ubaoni, kwa sababu ubaoni haijawahi kumgomea mkononi.

Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imetilia mkazo amali. Karatasi zimekwisha kusema. Tunangoja fundi gani, wakati yuko uani anatafuta ndala iliyokatika?

Sidai karakana. Nadai koleo moja, kipindi kimoja kwa wiki, na mwalimu wa kuuliza, "Kwa nini linavuta kushoto?" Wazazi nao waache kusifu gari la plastiki la dukani. Hilo likivunjika hutupwa, maana hakuna nyumbani aliyeliunda. La waya hurudi barabarani jioni hiyohiyo.

Fuso la alizeti likizima kati yetu na Singida mjini, tutamtafuta yule tuliyemvunjia lake. Tuombe awe bado ana hamu ya kushika koleo.