Mazungumzo ya Nyumbani: Mama Aliyeondolewa Titi

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi hunenwa kwa kunong'ona, na mara nyingi halinenwi kabisa. Ndilo jambo la saratani ya titi, ambayo wengine huiita kansa, na hali ya mama ambaye madaktari wamemwondolea titi ili apate kuishi. Twajua ya kuwa wako wazee watakaosema, Neno hili halifai kusomwa mbele ya watu. Lakini neno lisilosemwa nyumbani husemwa njiani, na huko njiani huchanganyika na uongo. Kwa hiyo twaomba baba na mama walisome pamoja, na walimu wawasomee wasiojua kusoma.

Kwanza tutazame ukubwa wa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lahesabu ya kuwa katika mwaka 2022 wanawake wapatao 2,300,000 walionekana kuwa na saratani ya titi, na watu 670,000 walikufa kwa ajili yake. Hapa Tanzania wagonjwa wengi sana, kadiri ya wanne katika watano, hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kwenda mbali. Sababu ni nyingi. Safari ni ndefu, fedha ni chache, na wengine hupoteza miezi kwa waganga. Tena uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na mama hujiambia, Kisichouma hakidhuru.

Lakini iko sababu nyingine, nayo ni hofu. Mama akisikia kwamba huenda atakatwa titi, hujificha. Haogopi kisu peke yake. Aogopa ya kuwa akirudi nyumbani mumewe hatamtazama tena, mawifi watamcheka kisimani, na jamaa za mume wataanza kuuliza habari za ng'ombe waliotolewa mahari. Basi hukaa kimya, na kimya hicho ndicho kinachomwua.

Enyi waume, twawaambia ninyi kwanza. Hapa Bugarama tu karibu na mgodi wa Bulyanhulu, na katika nchi yetu yote mpaka Geita wako watu wengi wafanyao kazi ya dhahabu. Mara nyingine jiwe humwangukia mtu, akakatwa vidole au mguu ili aokoke. Akirudi kwake, je, yuko amwambiaye, Wewe si baba tena katika nyumba hii? Hakuna. Majirani huja kumpa pole, na watoto humletea kiti. Mbona basi mama aliyekatwa kwa ajili hiyo hiyo ya kuokoka ahesabiwe kuwa amepungua? Ng'ombe hawakutolewa kwa ajili ya titi. Walitolewa ili watu wawili na jamaa zao wawe kitu kimoja. Aliyeoa ameoa mtu.

Sasa tueleze kazi ya madaktari, maana mtu huogopa zaidi asilolijua. Zamani walikata mengi sana. Daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, mwaka 1894 alieleza namna yake ya kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na matezi ya kwapani. Njia hiyo ilifuatwa miaka mingi, na wanawake walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba. Baadaye Daktari Umberto Veronesi wa Milano, Italia, na Daktari Bernard Fisher wa Marekani walijaribu njia ya kukata kidogo. Mwaka 2002 walitangaza matokeo baada ya kuwafuata wagonjwa wao miaka 20. Wale waliokuja mapema, wakaondolewa uvimbe tu kisha wakatibiwa kwa mionzi, waliishi sawasawa na wale walioondolewa titi lote. Angalieni basi: mwanamke anayekimbia hospitali kwa kuogopa kupoteza titi, kwa kukimbia kwake huipoteza nafasi ya kubaki nalo.

Na yule ambaye ni lazima aondolewe titi lote, je, hana dawa? Anayo. Yapata miaka mia moja na thelathini sasa madaktari wanatafuta njia ya kulijenga titi upya. Mwaka 1895 Daktari Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, aliandika habari za mwanamke mmoja ambaye alikuwa na uvimbe wa mafuta, usio na madhara, kiunoni mwake. Daktari aliutoa uvimbe ule akauweka mahali pa titi alilomwondolea. Mwaka 1906 Daktari Iginio Tansini wa Italia alieleza namna ya kuchukua msuli mpana wa mgongo pamoja na ngozi yake, na kuuzungusha kupitia kwapani hadi kifuani, bila kuikata mishipa yake ya damu. Kwa kuwa damu yaendelea kupita, nyama ile haifi. Mwaka 1982 Daktari Carl Hartrampf wa Atlanta, Marekani, na wenzake walieleza namna ya kutumia ngozi na mafuta ya tumboni. Hivyo mwili wa mama mwenyewe huchukua pale penye akiba na kupatengeneza pale penye upungufu, kama fundi achukuaye kitambaa kwenye upindo wa nguo ili kutia kiraka kifuani.

Njia nyingine ni kutia mfuko wa silikoni chini ya ngozi ya kifua. Ilianza kufanywa Houston, Marekani, mwaka 1962. Kazi yake ni fupi kuliko ile ya kuhamisha nyama, lakini mfuko haudumu maisha yote, na huenda ukahitaji kubadilishwa. Tena ngozi iliyobaki baada ya upasuaji huwa nyembamba, nayo huhitaji kitu cha kuishikilia. Hapo ndipo twafika kwenye habari ya ajabu, yaani zawadi ya watu waliokwisha kufa.

Katika nchi kama Marekani wako watu wanaokubali, wangali hai, ya kuwa wakifa ngozi yao itolewe kwa ajili ya wagonjwa. Nyingine ni jamaa zao wanaotoa ruhusa. Ngozi hiyo hupimwa kwanza, isije ikachukua ugonjwa wa mtu mmoja kumpa mwingine. Kisha husafishwa kwa dawa mpaka chembe zote hai za mtu yule zimetoka, ukabaki wavu mtupu wa nyuzi nyeupe zinazoipa ngozi nguvu yake. Daktari hukata kipande cha wavu huo na kukishona ndani ya kifua cha mama, kishikilie mfuko wa silikoni kama mbeleko ishikavyo mtoto. Mwili haukikatai kwa urahisi, kwa sababu zile chembe ambazo ungezitambua kuwa za mgeni zimekwisha kuondolewa. Polepole mishipa midogo ya damu ya mama huingia katika wavu, nao huwa sehemu ya mwili wake. Ngozi ya namna hii ilianza kutumika katika miaka ya 1990 kwa watu walioungua moto, kisha mwanzoni mwa karne hii ikatumika kujenga matiti.

Twasikia swali la wazee wetu: Je, maiti aliyetolewa ngozi amezikwa vema? Naye siku ya ufufuo atakuwaje? Swali hili si la kuchekwa, maana kwetu heshima ya maiti ni neno kubwa. Lakini tukumbuke ya kuwa mwili uliozikwa mzima nao hurudi mavumbini, na Mungu hashindwi kwa hilo. Mwaka 1956 Papa Pio wa 12 alisema na watu wa Italia waliokuwa wakishughulikia utoaji wa konea za macho ya wafu kwa ajili ya vipofu, akafundisha ya kuwa kutoa hivyo si kuvunja heshima ya wafu, mradi pawepo ruhusa na adabu. Haifai kumlazimisha mtu, wala kuununua mwili kama bidhaa. Zawadi ni zawadi kwa sababu imetolewa kwa hiari.

Na kwetu je? Huko Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili na tawi lake la Mloganzila hufanya kazi iitwayo upasuaji rekebishi, yaani ya kutengeneza viungo vilivyoharibika. Huko Muhimbili pia ndiko ilikopandikizwa figo kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, mwezi wa Novemba 2017, na watoaji wa figo ni jamaa za wagonjwa, walio hai. Basi kumpa mwenzio sehemu ya mwili si habari ya Ulaya tu.

Tena iko zawadi ambayo kila nyumba yaweza kuitoa hata leo, nayo ni damu. Mama anayeondolewa titi, au anayejengewa jingine, huenda akahitaji damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa. Mwanamume kila miezi 3, na mwanamke kila miezi 4. Mpango wa Taifa wa Damu Salama huipima kabla haijapewa mgonjwa. Walimu, wafundisheni hayo vijana wenu wakubwa.

Na mama asiyetaka kupasuliwa mara ya pili, au asiye na uwezo, asidhani amefungiwa mlango. Huko Thika, Kenya, wako wanawake waliougua saratani ambao hufuma matiti ya uzi na kuyajaza laini, ili mwenzao ayavae ndani ya sidiria na nguo imkae sawa. Kwetu Usukumani pamba hulimwa, na mikono ya kushona ipo. Vikundi vya akina mama vyaweza kujifunza kazi hii. Na mama atakayechagua kukaa na kifua chake kama kilivyo, naye aheshimiwe. Uchaguzi ni wake.

Yafaa pia tuseme kweli yote. Titi lililojengwa halitoi maziwa, wala haliwi na hisia kama lile la kwanza. Aliyetibiwa kwa mionzi huenda akaambiwa angoje kwanza. Mvutaji wa tumbaku na mgonjwa wa kisukari huchelewa kupona vidonda. Wala kujengwa titi si matibabu ya saratani. Hayo hayana budi kuendelea mpaka mwisho.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, shikeni mambo matatu. La kwanza, mwanamke akiona uvimbe katika titi au kwapani, au ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, au chuchu iliyoingia ndani ghafula au itokayo damu, asingoje maumivu. Aende zahanati, aombe barua ya kupelekwa mbele. Hospitali ya Bugando iko Mwanza tangu mwaka 1971, nayo hutibu saratani; na tangu Juni 2025 aendaye kwa njia ya Geita hangoji tena kivuko, maana daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa. Huko huchukua kipande kidogo cha uvimbe na kukipima. Uvimbe ulio mwingi si saratani, lakini haujulikani kwa macho. La pili, mume aende pamoja naye, wala asimwachie mama mkwe peke yake. La tatu, siku atakaporudi, watu wa nyumbani wampokee kwa jina lile lile walilomwita siku alipoondoka: Mama.