Karatasi Haioshi Chombo

Wahenga walisema chombo kilichopikwa samaki hakiachi kunuka vumba. Methali hii ilinijia Ramadhani iliyopita nilipokuwa Nairobi, nimefikia kwa mtoto wa kaka yangu, kijana wa Mombasa afanyaye kazi katikati ya jiji na kupanga nyumba Kilimani pamoja na wenzake wawili. Nilimkuta akitayarisha futari. Sambusa alizopelekewa kutoka nyumbani hakuzitia katika karai la mafuta. Alizipanga ndani ya kile kikaangio cha upepo ambacho siku hizi kimejaa tele katika maduka ya Barabara ya Luthuli na katika majiko ya Westlands na Lavington. Wenyewe hukiita eafraya. Chini alikuwa ametandika karatasi.

Kilipoanza kuvuma, jiko zima lilinuka mafuta yaliyochacha. Nikamwuliza, "Mwanangu, chombo hiki kimeoshwa lini?"

Akacheka. "Shangazi, hakioshwi hiki. Ndiyo kazi ya karatasi. Nikishapika naitupa, mambo yamekwisha."

Mambo hayakwisha, ndugu msomaji. Na hili si la kijana mmoja tu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Kilianza kuuzwa mwaka 2010 na kampuni ya Philips ya Uholanzi, na tangu hapo wengine wengi wamekiiga. Kwa hakika hakikaangi. Juu kina waya unaopata moto, na juu ya waya mna feni. Feni huusukuma upepo wa moto ukakizunguka chakula, ukapenya chini kupitia matundu ya kikapu, kisha ukarudi juu. Mama zetu walilijua jambo hili kabla ya umeme: mkate wa sinia ulipaliwa makaa juu ya kifuniko ili uive pande zote. Tofauti ni kwamba makaa hayakuwa na feni.

Feni hiyo ndiyo isiyoafikiana na karatasi. Ukitandika karatasi pana ikaziba matundu, upepo hauna pa kupita. Sambusa itakauka juu na kubaki teketeke chini. Ukiiweka tupu, bila chakula cha kuikandamiza, ili chombo kipate moto kwanza, itapeperuka iguse waya na kuungua. Karatasi iliyopakwa nta ndiyo mbaya zaidi, maana nta huyeyuka. Na wale wanaotumia karatasi ya fedha wasiipikie chakula kilichotiwa ndimu au ukwaju, kwa kuwa ukali huo huila madini yake.

Tena feni hiyo haibagui. Matone ya mafuta yanayoruka kutoka katika kuku hubebwa na upepo mpaka kwenye waya, kwenye dari ya chombo na kwenye kuta zake. Karatasi iko chini, uchafu uko juu! Kesho yake mafuta yale huungua tena, yakatoa moshi na harufu. Basi karatasi hukinga sakafu ya kikapu tu. Haikuumbiwa kuosha.

Lakini lililonishitua hasa lilikuwa bado. Mmoja wa wenzake wale, kijana mwungwana mwenye adabu, si Mwislamu, na siku za mapumziko hukipikia chombo hicho hicho soseji za nguruwe. "Hapana neno, shangazi," akaniambia mwanangu, "kila mtu na karatasi yake."

Simlaumu yule mwenzake hata kidogo. Anakula kilicho halali kwake, tena katika nyumba anayoilipia. Namlaumu wetu, aliyedhani karatasi ni ukuta. Sisi watu wa Pwani tuliosoma vyuoni kwa madhehebu ya Shafi tulifunzwa kwamba chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hukumu kamili nawaachia mashekhe, na kutoka ofisini kwake hadi Msikiti wa Jamia ni mwendo wa dakika chache tu; akaulize. Lakini hata asiye shekhe anaona tatizo: kikapu kitaoshwa, je, waya na feni? Sehemu yenye umeme haizamishwi majini. Kwa rai yangu, palipo na vyakula hivi viwili, pawe na vyombo viwili. Mazungumzo ya dakika tano na mwenzake, kwa heshima, yangemtosha kuliko bunda zima la karatasi.

Na anayekimiliki peke yake, basi akioshe. Kazi yenyewe si kubwa. Chomoa waya ukutani, ngoja kipoe. Roweka kikapu na droo yake katika maji ya moto yenye sabuni, usugue kwa sponji laini. Tulizoea kusugua masufuria kwa jivu na makumbi ya nazi mpaka yang'are. Hapa usifanye hivyo wala usitumie chuma, maana utauchubua ule utando usiogandisha chakula. Kisha kipindue chombo, ufute waya wa juu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kausha vyema kabla ya kukirudisha. Fanya hivyo kila upikapo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sikusema karatasi ni haramu. Ukipika samaki mwenye viungo, itakupunguzia kazi, mradi iwe ndogo kuliko kikapu na izidiwe uzito na chakula. Wala sikusema turudi kwenye karai. Kupunguza mafuta ni jambo jema, hasa kwetu tunaofuturu kwa bajia, sambusa na viazi karai mwezi mzima.

Ninachokataa ni fikira kwamba usafi unauzwa dukani kwa bunda. Vijana wetu wanapoondoka Pwani kwenda Nairobi tunawafungia sambusa, achari na dua. Tuwafungie na mazoea ya kuosha chombo, wavulana kwa wasichana. Jioni ile mwanangu aliosha, mimi nikafuta. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa, naye akayatazama kimya.