Warithi Waandaliwe Kabla Wachezaji Hawajaaga

Miongoni mwa michezo ya mtandaoni upo mmoja usiotaka mbio wala wepesi wa mkono, nao ni ule wa kusimamia timu ya kriketi: mtu hukabidhiwa kikosi cha wachezaji wasiokuwapo duniani, kila mmoja na umri wake, ujuzi wake na ujira wake wa kila juma, akatakiwa akiendeshe msimu baada ya msimu, akiuza na kununua katika mnada, na akilea chipukizi wake mwenyewe. Anayeutazama kwa mbali hudhani ni upuuzi wa kumalizia bando, lakini ndani yake mna tadbiri ambayo viongozi wengi wa timu halisi, hapa Turkana na Kenya nzima, hawajaizingatia hata leo. Humo wakati haumwonei mtu huruma: mpigaji aliyekuletea kombe, akishapita miaka thelathini na kitu, ujuzi wake huanza kupungua ilhali ujira wake bado hulipwa kila juma, na meneja anayemng'ang'ania kwa mapenzi hujikuta hatimaye na kikosi cha wazee watupu na hazina iliyokauka. Yule naye anayewauza wote kwa mkupuo akajaza vijana wapya hushuka daraja vilevile, kwa kuwa hakusaza wa kuwaongoza. Anayefaulu hutoa wawili au watatu kila msimu, na kila atokaye humkuta mrithi wake yu tayari.

Gharama ya kupuuza jambo hili Wakenya tumekwisha kuilipa. Tarehe 20 Machi 2003, mjini Durban, timu yetu ya kriketi ilicheza nusu-fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya India, daraja ambayo haijapata kufikiwa na nchi nyingine isiyoruhusiwa kucheza mechi za siku tano. Siku tano kabla yake, Aasif Karim wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa amekwisha kustaafu kisha akaitwa tena, aliwatoa Waustralia watatu kwa mikimbio saba tu. Taifa lilishangilia, na lilistahili kushangilia; lakini katika shangwe zile wachache waliuliza ni nani atakayerusha mpira siku mzee huyu atakapopumzika kwa mara ya pili. Miaka minane baadaye, tarehe ile ile ya 20 Machi, mjini Kolkata, Steve Tikolo, aliyekuwa akicheza Kombe la Dunia tangu 1996, alicheza mechi yake ya mwisho ya kombe hilo katika mashindano ambayo Kenya ilipoteza michezo yake yote sita. Ilipofika Januari 2014 tukapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Insafu yataka isemwe kwamba mataifa makubwa yalitunyima mechi, na kwamba ugomvi wa malipo kati ya wachezaji na chama uliharibu mengi. Hata hivyo, mlango wa vijana ungalikuwa wazi, anguko lisingalikuwa kubwa kiasi kile.

Wala sisemi wazee watimuliwe. Mwaka 2024 Uganda, katika Kombe la Dunia la ova (zamu za kurusha mpira) 20, iliishinda Papua New Guinea, na Frank Nsubuga mwenye miaka 43 alirusha ova zake nne kwa mikimbio minne tu, akatoa wapigaji wawili. Lakini kando yake walikuwapo vijana kama Juma Miyagi, nao wakifanya kazi ile ile.

Sasa tuitazame Kakuma, ambako jambo hili ni zito zaidi. Katika kambi hii ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992, kikosi cha soka hakimpotezi mchezaji kwa sababu ya umri pekee, bali kwa sababu ya ndege. Mtu huitwa kwa mahojiano ya kuhamia nchi nyingine, kisha kwa uchunguzi wa afya, kisha kwa mafunzo ya maisha ya ugenini, na mwisho jina lake hutokea katika orodha ya safari. Jumamosi alikuwa beki wa kati, Jumanne yupo katika uwanja wa ndege na mfuko wa karatasi zake mkononi. Si haki kumsikitikia, kwani ni kheri yake: Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma 1995 akahamia Australia 2006, ndiye aliyefunga mojawapo ya penalti zilizoipeleka nchi hiyo Kombe la Dunia mwaka 2022. Taksiri ni ya kocha ambaye, pamoja na hatua zote hizo za miezi na miezi, hushtuka siku ya safari kana kwamba hakuambiwa.

Na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi, wengi waliokwisha kujiandaa kuondoka wamebaki. Mtu angedhani taabu ya makocha imekwisha; kumbe imegeuka sura tu, kwa maana kikosi kisichoondokewa nacho huzeeka pamoja, na watoto husimama kando ya uwanja wakingoja nafasi zisizofunguka.

Mfugaji wa Kaaleng, huku kwetu Turkana, haya hahitaji kufundishwa: hata dhiki ikimbana, huuza dume kabla ya mtamba, akijua kwamba ngamia hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima na kwamba pengo la leo halizibiki kesho. Basi timu zetu za Kakuma, Kalobeyei na Lodwar nazo ziweke daftari lenye umri na nafasi ya kila mchezaji, na jina la anayefuata katika nafasi hiyo. Anayesubiri safari, akiridhia kulisema, apewe kazi ya kumfunza mrithi wake angali yupo. Na serikali ya kaunti pamoja na mashirika, kabla ya kugawa mipira na jezi, yaweke sharti kwamba kila klabu iwe na timu ya vijana, yenye watoto wa wakimbizi na wa wenyeji pamoja. Klabu isiyoweza kuonyesha daftari lake isipewe jezi mpya, maana haijulikani ni nani atakayezivaa mwakani.