Staa Kapona Paniki kwa Kikao Kimoja? Dada Yetu wa Mwanjelwa Nusura Amalize Mtaji

Wadau, wiki iliyopita kila status niliyofungua nilikutana na video ile ile. Staa wetu mmoja, jina tuliache maana wengi mshamjua, kakaa kwenye kochi jeupe anasimulia jinsi alivyokuwa anashindwa kupanda stejini. Moyo unakimbia, vidole vinakufa ganzi, pumzi haishuki, anahisi anakufa kabla DJ hajaachia biti. Mpaka hapo nilimpa saluti zote. Mastaa wa Bongo wengi wanajua kupost gari na viwanja, hofu zao wanazificha.

Halafu ikaja nusu ya pili. "Mtaalamu" kamlaza, kamhesabia kumi kushuka mpaka moja, kamwambia hofu imetoka, na imetoka kweli. Kikao kimoja tu! Chini ya video kuna namba ya kulipia.

Hapo mimi na staa tukaachana njia.

Kuna dada anauza mitumba ya watoto pale Mwanjelwa. Miezi kama minne iliyopita alikuwa kwenye daladala anatoka Uyole, gari limejaa, ghafla kifua kikabana. Jasho, kizunguzungu, miguu haina nguvu. Akashuka kabla ya kituo, akakaa chini akijua ndiyo safari imeisha. Baada ya kama nusu saa kikapita. Wiki iliyofuata kikarudi, safari hii akiwa kwenye meza yake na mteja mbele.

Si mnajua Mbeya yetu. Majirani wa vibanda wakasema kalogwa, biashara yake inawauma watu. Shangazi yake akasema ni mapepo, akapelekwa kwenye maombi. Na mimi ninayejifanya msomi? Nilimwambia, "Dada, punguza stresi, kunywa maji." Ushauri wa hovyo kuliko wote, na nakiri hapa hadharani.

Alipoiona ile video akanitumia usiku: "Mdogo wangu, nikilipa hii laki mbili na nusu nitapona?" Hiyo ilikuwa pesa ya kuongezea belo jipya. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na kinachomsumbua. Kitaalamu ni shambulio la hofu, mjini tunaita paniki. Mwili unapiga kengele ya hatari wakati hatari haipo. Adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, unapumua haraka haraka, na huko kupumua kwingi ndiko kunakoleta ganzi na kizunguzungu. Mara nyingi hupanda ndani ya dakika chache, kisha hushuka. Linatisha kinoma, ila lenyewe si mshtuko wa moyo. Na hauko peke yako: Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi uliopitiliza.

Sasa hiyo tiba ya staa. Inaitwa hipnosisi, na wala si uchawi kama shangazi zetu watakavyosema. Jina hilo lilienezwa na daktari wa Kiskoti, James Braid, miaka ya 1840 huko Manchester. Kabla yake kulikuwa na Franz Mesmer, aliyedai anaponya kwa nguvu ya sumaku iliyomo mwilini. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume, Benjamin Franklin akiwemo, wakaichunguza. Wakakuta hiyo nguvu haipo, kinachofanya kazi ni fikra za mgonjwa mwenyewe. Zaidi ya miaka 200 baadaye bado tunauziwa Mesmer, tofauti ni kwamba sasa ana taa ya duara na simu kali.

Hipnosisi ya kweli haina maajabu. Unakaa, unatulia, unaelekeza akili sehemu moja, mtaalamu anakuongoza kwa maneno kupumua na kujiona ndani ya lile daladala ukiwa salama. Haulali fofofo wala hauwi mtumwa wa mtu. Tafiti zipo zinazoonyesha inaweza kupunguza wasiwasi, na inasaidia zaidi ikichanganywa na tiba nyingine ya mazungumzo kuliko ikisimama peke yake. Kwa hiyo siiponde. Iite kachumbari: inaongeza ladha, ila pilau lenyewe ni kitu kingine.

Pilau ni nini? Kwanza, ukipata hali hiyo nenda hospitali wakupime. Moyo, upungufu wa damu, goita, hata sukari kushuka, vyote vinaweza kuiga paniki, na hakuna mtu wa DM anayeweza kukupima hayo. Vikishaondolewa, kuna tiba ya mazungumzo inayokufundisha kubishana na wazo la "nakufa" na kurudi taratibu kwenye maeneo unayoyakwepa. Kuna dawa pia, daktari ndiye anaamua. Na zile enejidrinki tunazopiga mbili mbili, jamani, kafeini inaweza kuamsha mashambulizi haya.

Najua swali linakuja: "Mbona staa kapona?" Labda kapata nafuu kweli, simuiti muongo. Lakini shambulio la hofu hupita lenyewe, ukiwa umelipa au hujalipa. Na staa ana meneja wa kuahirisha shoo, ana nyumba tulivu, na hatujui nani mwingine anamtibu kamera ikizimwa. Dada wa Mwanjelwa asipofungua meza leo, kesho watoto hawana ada. Huwezi kumuuzia ushuhuda wako kama dozi.

Kingine, hata Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita mtabibu wa hipnosisi, sheria haimzuii. Sasa fikiria DM za huku kwetu! Mtu asiyejua anachofanya anaweza kukuchimbua kumbukumbu ambazo hazikuwahi kutokea, ukaondoka na jeraha jipya. Na mwenye ugonjwa unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo, mchezo huu unaweza kumzidishia. Ukitaka kujaribu, muulize huyo mtu: wewe ni daktari au mwanasaikolojia? Umesomea wapi? Vikao vingapi? Akikuahidi kimoja na kupona kabisa, funga simu.

Msinielewe vibaya kuhusu maombi. Kama kanisani au msikitini moyo wako unatulia, nenda. Ila anayekwambia utupe dawa ili uthibitishe imani, huyo namuweka kapu moja na yule wa laki mbili na nusu.

Zimbabwe wana kitu nakionea wivu. Tangu 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu kwa mpangilio maalumu. Kikapimwa kwa utafiti, kikafanya kazi, mpaka Zanzibar kimefika. Hivi Mwanjelwa tunakosa mabibi au tunakosa mabenchi? Staa mwenye wafuasi wengi hivyo angeposti namba ya kitengo cha afya ya akili cha mkoa wake, angeokoa watu wengi kuliko kwa ile namba ya kulipia.

Dada hakulipa. Tulienda wote Hospitali ya Rufaa ya Kanda, foleni ikatukoma, wakampima, moyo mzima. Akafundishwa kupumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, akapangiwa kurudi. Sitawadanganya kwamba kapona. Bado daladala likijaa anasubiri linalofuata. Ila belo kaongeza, na juzi lilipomkamata mezani alimwambia mteja, "Subiri kidogo dada, litapita," likapita, akauza.

Nyie mnasemaje? Staa yuko sahihi au katuuza? Dondosheni maoni, ila tafadhali, anayekiri hapa kwamba naye yanamkuta, msimcheke.