Hong Myung-bo: Shujaa wa 2002 anayezomewa nyumbani, je, 2026 itamsafisha?

Korea Kusini imekata tiketi ya Kombe la Dunia kwa mara ya 11 mfululizo. Safari hii ilimaliza raundi ya tatu ya kufuzu Asia bila kupoteza hata mechi moja: imeshinda sita, imetoa sare nne. Kwingineko, kocha wa timu kama hiyo angebebwa mabegani.

Kwa Hong Myung-bo mambo ni tofauti. Mashabiki wa nyumbani wamemzomea tangu mechi yake ya kwanza, Septemba 2024, ile sare ya 0-0 na Palestina jijini Seoul. Na anayezomewa si mtu wa kuja. Ni mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote waliowahi kutokea nchini humo.

Kwa nini?

Kapteni wa kizazi cha dhahabu

Hong, mzaliwa wa Seoul mwaka 1969, alikuwa beki wa kati mwenye akili nyingi: anausoma mchezo, anapora mpira, kisha anaanzisha shambulizi mwenyewe. Aliichezea Korea mechi 136 na kushiriki Kombe la Dunia mara nne, kuanzia 1990 hadi 2002. Mwaka 1994 alizifunga Hispania na Ujerumani, beki huyohuyo.

Kilele kilikuwa Juni 22, 2002, mjini Gwangju. Robo fainali dhidi ya Hispania iliisha 0-0, ikaenda matuta. Kapteni Hong ndiye aliyepiga penalti ya mwisho, na Korea ikawa timu ya kwanza ya Asia kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia. Yeye akaondoka na Mpira wa Shaba, tuzo ya mchezaji bora wa tatu wa mashindano.

Shaba iliyowaokoa vijana na jeshi

Alipogeukia ukocha, alianza vizuri. Mwaka 2009 aliifikisha timu ya vijana wa chini ya miaka 20 robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Misri, akatolewa na Ghana 3-2. Ghana hiyo ndiyo iliyobeba kombe.

Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, aliitoa Uingereza kwa penalti kisha akaifunga Japan 2-0 na kutwaa medali ya shaba. Korea Kusini kila kijana wa kiume mwenye afya njema lazima aende jeshini, wakati ule kwa takribani miaka miwili. Medali ya Olimpiki humpa mchezaji msamaha, akabaki na wiki chache tu za mafunzo. Kwa mwanasoka, miaka miwili ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo maana wachezaji wale walimwona Hong kama baba.

Lakini uaminifu huohuo ulikuja kumponza.

Brazil 2014: pipi badala ya maua

Alipopewa timu ya wakubwa mwaka 2013, Hong alisema asiyecheza klabuni hataitwa. Kisha akamwita Park Chu-young, straika wake wa London 2012, ambaye msimu huo alikuwa akisugua benchi Uingereza. Mashabiki wakasema kocha anachagua marafiki.

Brazil ikawa aibu. Sare 1-1 na Urusi, kipigo cha 4-2 kutoka kwa Algeria iliyokuwa mbele 3-0 hadi mapumziko, kisha 1-0 kutoka kwa Ubelgiji. Pointi moja tu. Timu ilipotua uwanja wa ndege wa Incheon ilirushiwa pipi za kienyeji, kitendo ambacho kwa Wakorea ni tusi. Julai 2014, Hong akabwaga manyanga.

Tatizo ni utaratibu

Alijijenga upya akiwa na Ulsan. Aliipa ubingwa wa ligi mwaka 2022, wa kwanza baada ya miaka 17, akautetea 2023. Kwa hiyo hakuna anayesema Hong hajui mpira.

Hasira zilianza 2024. Kibarua cha Jürgen Klinsmann kiliota nyasi mwezi Februari baada ya kufungwa na Jordan kwenye nusu fainali ya Kombe la Asia. Shirikisho likatafuta kocha kwa miezi mitano. Makocha wa kigeni walisailiwa, lakini Julai kazi akapewa Hong, ambaye hakupitia usaili kama wao. Mashabiki wa Ulsan nao waliona wameachwa kwenye mataa katikati ya msimu.

Park Joo-ho, mchezaji wa zamani aliyekuwa kwenye kamati ya kumtafuta kocha, aliukosoa mchakato hadharani. Hong akaitwa bungeni kuhojiwa. Wizara ya michezo ikafanya ukaguzi na kusema taratibu zilikiukwa, ingawa haikuufuta mkataba wake. Rais wa shirikisho, Chung Mong-gyu, alichaguliwa tena Februari 2025.

Hapo ndipo kiini cha ugomvi kilipo. Kufuzu bila kufungwa hakujibu swali la mashabiki, kwa sababu wao wanauliza kazi ilipatikanaje. Kila Hong anaposhinda, shirikisho linapata kinga; kila anapofungwa, kama ile 5-0 ya Brazil jijini Seoul Oktoba 2025, makovu ya zamani yanafunguka.

Sasa Afrika tena

Droo ya Desemba 2025 imeiweka Korea Kundi A pamoja na wenyeji Mexico, Afrika Kusini na mshindi wa mchujo wa Ulaya. Mechi mbili za kwanza zitapigwa Guadalajara, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hong amekuwa akijaribu mfumo wa mabeki watatu wa kati, uleule aliocheza 2002, na ana Son Heung-min, Lee Kang-in na Kim Min-jae. Kikosi kipo.

Mechi ya mwisho ya kundi ni dhidi ya Afrika Kusini, Juni 24 mjini Monterrey. Ghana ilimzima 2009, Algeria ikamvunja 2014. Bafana Bafana wakifanya kama hao, Hong hatakuwa na pa kujificha. Akivuka, zomeazomea huenda zikapungua. Swali la jinsi alivyopata kazi litabaki mezani kwa shirikisho.