Kuchacha si Kuoza

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa maana ya kitenzi 'chacha', aghalabu hujibu kwamba ni kuharibika kwa chakula. Wali umechacha, maharagwe yamechacha, yamwagwe. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu ya maana, na nusu hiyo ndiyo imetupotosha. Makala haya yanashikilia kwamba Kiswahili hutenganisha kuchacha na kuoza kwa uangalifu ambao sisi tunaokisomea tumeupuuza, na kwamba hasara ya kuupuuza haiishii darasani.

Tutazame unyambuaji. Kutokana na 'chacha' tuna 'chachu', ile ambayo mwokaji huitia katika unga ili uumuke, na ambayo wahariri wetu hawachoki kuifanya sitiari: chachu ya maendeleo, chachu ya mageuzi. Hatujasikia mtu akisifu uozo wa maendeleo. Bahari nayo huchacha, na vita huchacha. Kinachorejelewa hapo ni nguvu na msukosuko, wala si kufa. (Kwa vijana wa Tanzania, aliyechacha ni yule asiye na senti mfukoni, lakini hayo tuwaachie wanaisimujamii.) Ni kana kwamba wasemaji walihisi kuna uhai ndani ya kinachochacha. Louis Pasteur alipochapisha, mwaka 1857, uchunguzi wake kuhusu uchachukaji unaozaa asidi ya maziwa, aliuhusisha na viumbe hai wadogo mno.

Jikoni na mnazini lugha ni pevu zaidi. Unga huumuka. Maziwa huganda, au hulala, ndipo Wakenya tukapata maziwa lala, ambayo leo madukani huitwa mala. Mihogo michungu huvundikwa, na kuvundikwa huko hupunguza sumu ya sianidi iliyomo. Tembo lililogemwa asubuhi ni tamu. Kufikia jioni limekuwa kali. Likiachwa siku kadhaa hugeuka siki. Mgema huzijua hatua hizo zote kwa ulimi wake na huzitaja bila kutafuta kamusi. Sisi tumezifunika zote kwa istilahi moja, 'uchachushaji'. Istilahi yenyewe siipingi, kwani mwalimu wa biolojia anaihitaji. Ninachopinga ni kuifundisha kana kwamba kabla yake hapakuwa na neno.

Hasara yenyewe imo katika kikombe cha mtoto. Uji wa kuchachusha hutokana na unga wa wimbi, mtama au mahindi uliokorogwa kwa maji na kuachwa siku moja au mbili. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi huzuia vijidudu vingi viletavyo kuhara. Siku hizi baadhi ya unga wa uji hutiwa asidi ya sitriki kiwandani ili ladha ipatikane papo hapo. Uji huo ni mchachu, lakini haujachacha. Sarufi yetu inaitambua tofauti hiyo barabara: 'mchachu' ni kivumishi cha ladha, ilhali 'uliochachushwa' hutaja kazi iliyofanyika na muda uliopita. Mzazi kijana aliyefunzwa kwamba kilichochacha ni uchafu atamwaga ule wa nyanyake na kununua huu wa pakiti, akiamini amepata kitu kile kile kilicho safi zaidi. Sisemi kwamba kila kilicholala usiku kucha ni salama; uliomea ukungu na utupwe. Lakini huo umeoza, na neno lake lipo.

Kila mwaka idara zetu hupokea tasnifu juu ya wahusika wa riwaya zile zile. Ingefaa tupate japo moja juu ya msamiati wa wagema wa Kilifi, ambao wengi wao huchanganya Kigiriama na Kiswahili katika kazi yao, ukusanywe chini ya minazi yenyewe, na kila neno liandikwe pamoja na saa, chombo na ladha inayokusudiwa.